Yasisimame Hata Moja

Wifi yangu ndiye aliyesema malori yasisimame. Alisema mbele za watu, kwa sauti, kwenye mkutano wa barabara, akapigiwa makofi, na mimi nimekaa nyuma yake namvuta gauni akae chini. Hakukaa. Gauni lingechanika, na yeye angebaki amesimama vilevile. Ndivyo alivyo, na ukitaka kumjua lazima nianzie hapo.

Mimi ni dada wa marehemu mumewe. Kaka yangu alipofariki, watu walitegemea nitakuja kugombea vyombo, na kweli nilikuja, tena na sanduku langu kichwani, ila nilikuja kukaa. Ndoa yangu ilikuwa imeshanishinda. Tukapanga vitanda viwili kwenye chumba kimoja, na tangu siku hiyo hatujaacha kurushiana maneno. Yeye huniita mzigo uliokosa mwenyewe. Mimi namwita Mama Maji Moto, kama madereva walivyomwita, na nikikasirika namwita hivyo hivyo kwa kuvuta.

Ana mtoto mmoja, wa kiume. Mtaa mzima unamwita Tairi, maana utotoni hukumwona bila tairi la kuviringisha mbele yake, hata msalani alikwenda nalo. Mama yake humwita "baba" kwa kuwa kabeba jina la babu. Kwangu ni mtoto wa kaka, nimemlea mgongoni, na nikisema mwanangu asitokee mtu wa kunisahihisha. Alipokua akawa dereva wa malori makubwa, yale ya kuvuka mpaka. Ungetegemea nini kingine kwa mtu wa namna hiyo?

Nyumba yetu ilikuwa imepakana na barabara kuu, karibu na mpaka lakini si mpakani. Siku hizo barabara ilikuwa nyembamba, njia moja ya kwenda na moja ya kurudi, na malori yaliyosubiri kuvuka yalipanga mstari kuanzia kwenye geti la forodha, yakapita mbele ya mlango wetu, mkia ukaenda kupotelea huko bondeni. Dereva alikaa kwenye foleni siku tatu, nne, wakati mwingine wiki nzima. Na binadamu akikaa wiki ndani ya kichwa cha lori ananuka, tusidanganyane. Wifi aliliona hilo kabla ya mtu mwingine yeyote. Akateleka mapipa ya maji kwenye mafiga, akasimamisha vibafu vya mabati, ndani akaweka jiwe la kusimamia na msumari wa kutundika suruali. Ndoo ya maji moto na kipande cha sabuni, kwisha. Madereva walimwombea dua kwa lugha zote.

Sasa, foleni ina sheria yake. Ikisogea na wewe haupo kwenye usukani, wa nyuma anakupita, na nafasi uliyoisotea siku mbili imekwenda. Kwa hiyo dereva akienda kuoga alimwomba wa nyuma yake amwangalizie. Mbele pakisogea, yule wa nyuma anapiga honi, mbili fupi na moja ndefu: pi, pi, piiii. Maana yake toka bafuni, twende. Kila mtu wa foleni ile aliijua. Hee, mliokuwepo mnakumbuka vituko! Kuna bwana mmoja, tumbo lake hilo, honi ilimkuta na povu mpaka machoni. Alitoka mbio na taulo, taulo likabaki kwenye msumari wa mlango, na wifi nyuma yake anakimbia na suruali, anaita, "Baba watoto, umesahau heshima yako!" Foleni nzima ilicheka. Yule bwana aliendesha akiwa kama alivyozaliwa, na aliporudi safari nyingine alituletea kilo mbili za sukari ili tunyamaze. Hatukunyamaza.

Tairi naye, lori lake likiingia kwenye foleni, alikuwa amefika nyumbani. Hapo ndipo roho ya wifi ilipokaa. Aliwasha moto, akamkalisha mwanawe kwenye kreti la soda pembeni ya mafiga, akamfulia mashati, akayapiga pasi ya mkaa mpaka kola ikasimama. Tairi alikuwa na mdomo kama wangu. Alisimulia safari, alituigiza maaskari wa njiani, alikula, alilala kwenye kitanda changu na mimi nikalala chini bila kuulizwa. Siku nne, tano. Halafu pi, pi, piiii, anaruka, anaondoka na mashati yake chini ya kwapa. Mwezi haukuisha bila kurudi.

Lakini kijana alikuwa anaumia, hilo sikatai. Safari moja alibeba vitunguu, foleni ikagoma kusogea mpaka vitunguu vikaanza kuvuja maji chini ya turubai. Bosi alimtukana kwenye simu, na sauti ilikuwa juu kiasi kwamba sote tulisikia tulipokaa. Alikuwa amechumbia, mchumba akachoka kusubiri mtu wa kuishi barabarani, akaolewa na fundi wa baiskeli. Jioni ile Tairi alikaa kwenye kreti lake, akafunika uso na shati lililotoka kufuliwa, akalia. Wifi alichochea kuni tu. Ila nilimwona taya lake lilivyokaza, nikajua huyu mwanamke sasa ana ugomvi na foleni.

Basi ulipoitishwa mkutano wa upanuzi wa barabara, alikwenda na kilemba chake kizuri. Injinia alibandika ramani kubwa kwenye ukuta wa shule, akatuonyesha kwa fimbo: njia zitakuwa nne, katikati utajengwa ukuta wa zege, pembeni kingo za chuma, na geti la mpaka litafanywa jipya ili lori lisichelewe. Nyumba za pembeni zitasogezwa. Akauliza kama kuna mwenye la kusema. Muuza duka akasimama, mtu wa akili zake, akaomba hapa kwetu paachwe uwanja pembeni, malori yaweze kuingia na kupumzika, watu wapate riziki. Watu wakaitikia. Injinia akatikisa kichwa kama mtu anayefikiria.

Hapo wifi akasimama.

"Injinia, mimi nina mtoto kwenye hayo malori," akasema. "Foleni imemla mke, imemla usingizi, inamla na mwili. Uwanja wa nini? Wa kuyapumzisha yaanze tena kupanga mstari? Vunjeni, na vibafu vyangu vunjeni, sitasema kitu. Lakini malori yasisimame. Yasisimame hata moja!"

Makofi! Hata waliotaka uwanja walipiga makofi, kwa vile tu alivyosema. Injinia akatabasamu. "Tumekusikia, mama."

Muuza duka aligeuka akamtazama. "Mama Maji Moto, yasiposimama utamwogesha nani?"

"Nitamwogesha mwanangu," wifi akamjibu. "Akimaliza safari upesi, hizo siku zinazobaki atakuja kukaa kwangu. Kwenye kiti. Kama watu."

Umeona alipokosea? Alidhani siku zikiokolewa anapewa aliyekuwa anazipoteza. Wengi wetu tulidhani hivyo, usimcheke. Mpaka leo anaamini uwanja ulinyimwa kwa sababu yake. Nimemwambia mara ngapi, "Wifi, ile ramani ilikuja imeshachorwa, injinia alikuwa anatufurahisha tu." Haelewi. Anasema, "Nilisikika, nilisema mwenyewe, kwa mdomo wangu huu."

Greda lilikuja, vibafu vikalala chini asubuhi moja. Nyumba yetu tulijengewa nyuma kidogo, vyumba viwili, mlango unatazama barabara. Vumbi lilitukaa kifuani mpaka mvua mbili zikapita. Kisha lami ikamwagwa, nyeusi, pana, na ile takataka yote ya foleni ikafagiliwa: wauza chai, mafundi pancha, wabadilisha fedha, hata mbwa waliokuwa wakilala chini ya matela. Siku barabara ilipofunguliwa kulikuwa kimya kwa namna ya ajabu. Malori yalipita vuu, vuu, hakuna hata moja lililokuwa na habari na sisi. Wifi aliteleka pipa moja, kwa mazoea tu. Maji yalichemka, yakapoa.

Tairi alipiga simu asubuhi yake, kwamba anapita leo. Mama mtu akapiga pasi shati la bluu, akavaa kanga mpya, akasimama kwenye kingo za chuma. Mimi nikamwandalia kijana chakula, mjinga nami. Tukasikia pi, pi, piiii. Lori likaja, likapunguza mwendo kidogo, Tairi kichwa nje ya dirisha, meno yote nje, anapunga. "Mama! Shikamoo, mama!" Na likapita. Wifi alikimbia nalo na shati mkononi, kingo za chuma katikati yao, akaita "Simama, baba! Simama kidogo!" mpaka pumzi ikamkatika. Alirudi amelikunja lile shati upya, taratibu, kama hakuna kilichotokea.

Usiku huo Tairi alieleza kwa simu. Ndani ya lori wamefunga kidude kinachomwonyesha bosi kila mahali gari lilipo. Likisimama pasipo na kituo, simu inalia hapo hapo: kuna nini, umepata nini. Na kwa sababu njia ni nyepesi, siku zile nne amepewa safari nyingine. "Mama, zamani nilikuwa nakwenda na kurudi mara moja kwa mwezi, sasa nakwenda mara tatu. Nalala mizani, nalala bandarini. Likizo nimeomba. Nitakuja."

"Uje," wifi akasema. "Mimi nipo."

Wakabuni mchezo wao. Akipita upande wetu anatupa mfuko wa nguo chafu kutoka dirishani, mama yake anauokota, anafua, anapiga pasi. Uzuri ulioje. Ila kurudi, lori linapita upande wa pili, kule ng'ambo ya ukuta wa zege, na daraja la waenda kwa miguu liko mbali huko karibu na geti. Shati litavukaje? Nikamwambia, "Wifi, hizi nguo ni za kwenda tu, za kurudi hazipo." Alinitukana. Aliendelea kufua, na nguo zikaanza kujaa kwenye sanduku langu, safi, zimekunjwa, zinanukia sabuni, na mtoto wa watu huko anavaa sijui nini. Mwisho Tairi akaacha kutupa mfuko, hakuwa na nguo tena za kutupa. Ikabaki honi.

Na macho ya wifi yakaanza kufa. Sisi tulidhani ni moshi, miaka yote ile juu ya mapipa. Nilimpeleka hospitali, daktari akasema ni presha ya macho, amechelewa, na kilichokwisha kupotea hakirudi, dawa itasaidia kilichobaki kisiishe haraka. Wifi akamuuliza jambo moja tu. "Nitamwona mwanangu?" Daktari akauliza mwanawe yuko wapi. "Yuko barabarani," akajibu.

Tangu hapo ikawa ni mbio. Macho yanakwenda, na likizo haiji. Niligombana na Tairi kwenye simu mpaka masikio yakawaka. "Njoo! Njoo mama yako akuone uso, akuone umekaa! Pita na basi, pita na punda, njoo!" Naye analia huko, "Shangazi, nikiondoka kiti changu kinapewa mtu siku hiyo hiyo. Wanaongoja kazi wako getini kwa bosi." Na alikuwa anasema kweli, ndiyo iliyoniuma. Ningepata mtu wa kumlaumu ningelala.

Wifi alisimama pale kwenye kingo kila siku ya kupita kwa Tairi. Kwanza aliliona lori, akaniambia rangi yake. Baadaye aliona kivuli. Baadaye alisikia tu honi, akainua mkono, akapunga kuelekea sauti inakokwenda. Akirudi ndani uso unang'aa. "Leo amepita mapema," anasema. "Leo hana mzigo mzito, umesikia injini?"

Siku moja nilikuwa naanika nguo pale pale, wifi amesimama kwenye kingo zake. Honi ikalia, pi, pi, piiii, lori lile lile, na nikainua uso nimpungie kijana wangu. Kwenye usukani alikuwa mtu mzima mwenye ndevu nyeupe. Alimtazama wifi, akagusa kofia yake, akapita.

Nilijifungia msalani nikapiga simu. "Wewe Tairi, uko wapi?"

Akasema, "Shangazi, nimehamishwa. Niko kwenye mpaka mwingine, mbali, huku nako barabara imepanuliwa. Lori amepewa mzee mmoja, tulikuwa naye kwenye foleni zamani, mama alikuwa anamchemshia maji. Nimemwomba awe anapiga ile honi."

"Na mama yako umwambie lini?"

"Nikimwambia ndiyo basi, Shangazi. Atakuwa hana hata hiyo."

Ningemtukana, lakini nilimsikia wifi uani anaimba huku anakung'uta kanga. Nikanyamaza. Na wewe ungenyamaza. Basi ikawa hivyo: mzee anapiga honi, wifi anapunga, jioni Tairi anapiga simu kutoka huko aliko na kuuliza, "Umenisikia leo, mama?" Naye anajibu, "Nimekusikia, baba. Punguza mwendo." Mimi nakaa pembeni napepeta mchele, mdomo wangu wote huu nimeufunga. Kati ya hapo na likizo, macho ya wifi yaliisha kabisa. Ilikuwa asubuhi ya kawaida tu. Aliniuliza kwa nini sijafungua dirisha, na dirisha lilikuwa wazi.

Likizo ilikuja baada ya hapo. Tairi alishuka kwenye basi kule getini, akavuka daraja, akaja kwa miguu. Sikumtambua mara moja. Amenenepa kwa kukaa, ana kitambi, nywele zimerudi nyuma kama za marehemu kaka. Nilimpigia kelele za furaha mpaka majirani wakatoka. Wifi alitoka anapapasa ukuta, akamfikia, akamshika uso kwa mikono miwili, akaushika muda mrefu. Pua, mashavu, kidevu.

"Umekuwa mtu mzima," akasema.

"Nimezeeka, mama."

"Zeeka, nani kakukataza?"

Akamkalisha kwenye kreti lake, ndiyo, lile lile, tulihama nalo. Akaniamuru nilete sanduku. Akatoa lile shati la bluu, akalijua kwa kugusa kola, akamwambia avae. Tairi akavaa. Vifungo vilikataa kabisa, tumbo likabaki nje. Akanitazama, nikamkodolea macho, akasema, "Limenikaa vizuri, mama." Wifi akacheka, akakaa kwenye jiwe karibu naye, goti kwa goti, mkono kwenye mkono wa mwanawe. Ilikuwa saa za asubuhi, jua halijawa kali, chai iko jikoni. Nilijiambia, haya, macho yamekwenda, lakini mtu wake amekaa. Angalau hili amelipata. Nikaingia kuchukua vikombe.

Pi, pi, piiii.

Nilisimama na vikombe mkononi. Sikuwa nimekumbuka, na Tairi hakuwa amekumbuka. Wifi alikuwa ameshaachia mkono aliokuwa ameushika, ameshainuka, amegeukia barabarani, mkono juu, anapunga na uso wake ule wa kila siku.

"Huyo!" akasema. "Baba huyo, amepi..."

Lori likapita. Mkono ukabaki juu. Nyuma yake Tairi alikuwa amesimama na shati lisilofungika. Wifi akaushusha mkono, akaufuta kwenye kanga kana kwamba umeshika kitu, akageuka kuelekea lile kreti.

"Nyie," akasema, polepole, "kwani miezi yote hii nilikuwa nampungia nani?"